Harriet alikimbilia wapi? Riwaya yasema Australia, Hollywood yasema London

Kwa wapenzi wa hadithi za upelelezi, jina la Stieg Larsson si geni. Mwandishi huyo wa habari wa Sweden alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 50, kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka mitamboni. Ilichapishwa mwaka uliofuata kwa jina lenye maana ya “wanaume wanaochukia wanawake”. Katika Kiingereza ikageuka kuwa ya msichana mwenye tatuu ya joka.

Filamu ya Wasweden ilitoka mwaka 2009. Hollywood haikukawia: mwaka 2011 David Fincher alitoa ya kwake, kwa gharama ya dola milioni 90 hivi, Daniel Craig yule wa James Bond akiwa mwandishi Mikael Blomkvist, na Rooney Mara akiwa Lisbeth Salander.

Wengi humzungumzia Salander, binti wa pikipiki na kompyuta. Mimi humtazama Harriet Vanger. (Asiyeiona filamu na anataka kuiona, aishie hapa.)

Harriet alitoweka mwaka 1966, akiwa na miaka 16, kutoka kisiwa cha ukoo wake tajiri. Baba yake alikuwa akimnajisi, kisha kaka yake Martin naye akafuata nyayo. Siku alipomwona Martin amerudi, Harriet aliamua kukimbia. Ndugu yake Anita alimtorosha, na ughaibuni akaishi kwa jina la Anita. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya babu yake mdogo Henrik, mzee hupokea ua lililokaushwa. Yeye hudhani ni muuaji anamdhihaki. Kumbe ni Harriet anasema: niko hai.

Msomaji aliyewahi kuishi ukimbizini kwa jina lisilo lake hahitaji maelezo hapo. Wako waliotuma salamu nyumbani kwa mkono wa dereva wa lori, bila jina wala anwani.

Katika riwaya, Harriet yuko Australia. Aliolewa, ana watoto, ana shamba la kondoo. Fincher na mwandishi wake Steven Zaillian waliikata safari hiyo ndefu: Harriet wao yuko London, ndiye yule “Anita” ambaye Blomkvist alikwisha zungumza naye. Ni ujanja mzuri wa sinema, jibu kukaa mbele ya macho. Lakini Harriet wa London haonyeshwi akiacha kitu nyuma. Anarudi, anamkumbatia mzee, basi. Yule wa Australia ana watoto wasioijua Sweden, ana mifugo ya kuangaliwa, na huku nyumbani anasubiriwa na kampuni ya ukoo ambayo baadaye alikabidhiwa. Huyo ndiye ninayemfahamu.

Riwayani kuna jambo zito zaidi. Martin aliendelea kuua wanawake kwa miaka mingi, na Salander anamlaumu Harriet: angesema mapema, wangepona. Lawama hiyo tumeisikia sana mipakani. Mlikimbia, mkatuacha.

Hasira ya Salander ina haki yake, ila anamhukumu mtoto kama mtu mzima. Mwaka 1966, pale kisiwani, nani angemsikiliza? Blomkvist anamtetea, nami niko upande wake. Harriet alirudi Martin akiwa amekwisha kufa barabarani. Kesi haikuwepo tena, siri ikafunikwa, na Salander akadai fedha za Vanger ziende kwenye vituo vya kusaidia wanawake.