Sheria ya Taa za Baiskeli: Ujerumani Walipopatia na Walipokosea

Ujerumani, baiskeli haihesabiwi kuwa imekamilika kwa kuwa tu inatembea. Kanuni za nchi hiyo kuhusu vifaa vya vyombo vya moto na baiskeli, zinazojulikana kwa kifupi kama StVZO, zinadai breki mbili zisizotegemeana, kengele inayosikika vizuri, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na viakisi mwanga hadi kwenye pedali. Anayepanda baiskeli gizani bila kuwasha taa hutozwa faini ya euro 20.

Ukali huo una maana, na taa ya mbele inaonyesha kwa nini. Taa iliyoidhinishwa ina alama ndogo ya mawimbi, herufi K na namba ya kibali kutoka mamlaka ya magari iliyoko Flensburg. Kibali hicho kinahusu sana namna mwanga unavyotawanyika: kioo cha ndani huukata upande wa juu, kama taa ya gari iliyopunguzwa, ili uangukie barabarani na usimchome machoni anayekuja. Tochi za bei nafuu zinazofungwa kwenye usukani hutoa mwanga wa duara. Sehemu kubwa hupotea hewani au huishia usoni mwa wengine. Taa za kumeta-meta nazo zimekatazwa, na nadhani ni sawa, maana ni vigumu kukadiria umbali wa kitu kinachowaka na kuzimika.

Kwenye dainamo, hata hivyo, walichelewa mno. Hadi mwaka 2013 sheria ililazimisha baiskeli ya kawaida iwe na dainamo ya volti 6 na wati 3. Waliokulia kwenye baiskeli za Phoenix wanaijua adha yake: kichwa cha dainamo kinasugua tairi, pedali zinakuwa nzito, tairi likilowa kinateleza, na ukisimama njia panda taa inazimika, pale pale unapohitaji kuonekana. Hoja ya sheria ilikuwa nzuri kwa wakati wake, kwamba betri huisha chaji lakini miguu haiishi. Kisha zikaja taa za LED na betri za kuchaji, na maandishi ya sheria yakabaki yalivyo. Baiskeli za mashindano zisizozidi kilo 11 ziliruhusiwa kutumia betri. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekwenda kazini na taa ya betri inayong'aa vizuri alikuwa mvunja sheria, huku mwenye baiskeli nyepesi ya bei mbaya akipita salama.

Betri ziliruhusiwa Agosti 2013, lakini kanuni mpya ikataja betri ya volti 6, wakati taa nyingi zilizokuwa madukani zilitumia volti nyingine. Mkanganyiko huo ulirekebishwa mwaka 2017, na tangu hapo mwendesha baiskeli anaruhusiwa pia kuvua taa zake mchana na kuziacha nyumbani.

Wenye magari hawajanusurika. Kubadilisha rimu au ekzosi bila hati za idhini kunaweza kulifutia gari kibali cha kutembea barabarani, na ukaguzi wa lazima huja kila baada ya miaka miwili.

Huku kwetu bodaboda nyingi zimefungwa taa za ziada za LED zinazopofusha madereva usiku. Tukitunga kanuni za kuzidhibiti, tuandike mwanga unapaswa kufika wapi na usifike wapi, si aina ya kifaa kitakachoutoa. Na wewe msomaji usisubiri kanuni: leo usiku simamisha baiskeli au pikipiki yako mita tano kutoka ukutani, washa taa, kisha uishushe mpaka kitovu cha mwanga kiwe chini ya kimo cha taa yenyewe.