Mkora Unamjua, Kompyuta Utabukua

Kuna msee wa kol senta, kuna dem wa duka ya M-Pesa, kuna buda wa akaunti kwa sacco. Wote wanadai kuingia sekuriti ya mtandao, na wote wanajiambia kitu moja: "Mimi si mtu wa kompyuta." Manze, hebu kwanza mcheki kazi yenyewe.

Wizi wa hapa Nai hufanyika aje? Mkora anakupigia akijifanya wa kastama kea, anakutisha ati laini inafungwa, anakutoa namba ya kitambulisho na PIN. Kidogo kidogo ameswapu laini, netiwaki inapotea kwa fon, na ukija kushtuka munde imeishia. Hakuvunja sistimu yoyote, alikucheza wewe. Sasa nani anajua huo mchezo kuliko ejenti mwenye anaskianga "nimetuma kimakosa, nirudishie" kutoka asubuhi?

Hiyo pua ya kunusa uwongo inalipwanga kwa SOC, ile desk inacheki alati masaa 24. Mfanyikazi ameingia akaunti akiwa Nairobi, dakika kumi baadaye hiyo akaunti inafunguliwa kutoka nchi ingine. Ni VPN, ile app ya kuficha mahali uko, ama ni mwizi? Unampigia, unauliza, unaandika ripoti, unapandishia wakubwa. Shifti za usiku ni mob, so kama umewahi kesha kol senta, mwili ishazoea.

Buda wa akaunti acheki GRC, yaani sera, hatari na ukaguzi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inasema data za watu zikivuja na kuwe na hatari ya kweli ya kuwaumiza, kampuni iko na masaa 72 ya kushow Kamishna wa Data. Mtu wa kupanga hiyo form si lazima aandike programu. Asome sheria, aulize maswali zenye mabosi hawapendi, aandike kitu inaeleweka.

Lakini kubukua utabukua. IP, DNS, Linux, vile data inatembea kwa netiwaki, hapo hakuna shotikati. Cisco Networking Academy iko na kozi za bure, na TryHackMe iko na mazoezi za bure za kuanzia. Cheti ya CC ya ISC2 haiitishi ekspiriensi ya job. Cheti ya Security+ ya CompTIA inakula ganji, so usichukue loni ya fon juu yake. Lapi ya mtumba ya RAM 8 GB inatosha. Na mtu akikuambia utaomoka na mwezi moja, jua anauza kozi.

Kitu ingine: usijifunzie kwa wifi ya jirani. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia sistimu ya mtu bila ruhusa ni faini ya hadi milioni 5, ama ndani hadi miaka 3, ama zote mbili. Karao hajali ati ulikuwa unapraktisi tu. Tumia maabara zenye zimetengenezewa hiyo, na utafute mbogi: madem wako na SheHacks KE, na AfricaHackon imekuwa ikikutanisha mahaka wa mtaa kitambo.

Kwa CV, wacha kuandika "nilihudumia wateja". Andika vile ulikuwa unahakikisha kitambulisho, vile ulishtukia mkora, na ripoti ilienda kwa nani.

Na kama uko na job saa hii, usiache bado. Tafuta wasee wa IT hapo ofisini, uulize nani hupitianga orodha ya watu wako na paswadi za sistimu. Mara mob hakuna mwenye anataka hiyo kazi juu inaboo. Omba wakupatie. Utapata msee alifutwa mwaka jana na akaunti yake bado inafungua, na hiyo ripoti ndiyo ya kwanza utaongelea kwa intavyuu.