Je, Wajua? Taulo ngapi kwa mgeni wa Kirongwe

Je, wajua kwamba Airbnb, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, huliweka taulo katika orodha ya mahitaji ya msingi ya nyumba ya wageni, pamoja na sabuni, karatasi za chooni, mito na mashuka? Kiwango chake ni angalau taulo moja kwa kila mgeni. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha kwa siku huko Kirongwe, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, hapo ni pa kuanzia tu. Mgeni wa Mafia haogi mara moja kwa siku. Asubuhi anaoga, mchana anaingia baharini, anarudi na chumvi mwilini anaoga tena, na usiku joto linamrudisha bafuni.

Je, wajua kwamba hesabu inayotosha ni mataulo matatu kwa kila mtu? La kuogea, dogo la uso na mikono, na la tatu la baharini. Hesabu iende kwa kichwa, si kwa chumba. Mume na mke watalala kitanda kimoja, lakini kila mmoja awe na taulo lake, na mtoto naye apewe lake hata kama mama yake hakuomba.

Je, wajua kwamba jambo hili lina historia ya kitabibu hapa hapa Tanzania? Vikope, ugonjwa wa macho ambao waganga huuita trakoma, huambukizwa kwa tongo zinazobebwa na vidole, nzi na vitambaa vya kufutia uso. Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ulifanyika utafiti ulioingia katika vitabu vya afya ya macho duniani kote. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, yakaonyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilikuwa safi kila mara waliugua trakoma kidogo kuliko wenzao, hasa ile kali. Leo usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na ugonjwa huo.

Na mwanzoni mwa mwaka 2024, macho mekundu yalipozagaa Dar es Salaam na Mombasa, ushauri wa wataalamu ulikuwa ule ule: nawa mikono, usishike macho, usitumie taulo la mwenzio. Kitaulo cha uso ni kidogo na bei yake ni ndogo. Mwenye nyumba anayekiacha kwa kubana matumizi anabana mahali pasipofaa kabisa.

Je, wajua taulo lina uzito gani? Madukani utaona namba kama 400, 500 au 700. Hizo ni gramu kwa kila mita moja ya mraba ya kitambaa. Taulo la kuogea la sentimita 70 kwa 140 lina karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo lenye namba 500 lina uzito wa gramu 490 likiwa kavu, na lenye 700 linakaribia gramu 690. Hoteli za kifahari hupenda yale mazito. Kwa Kirongwe chagua kati ya 400 na 500. Taulo zito linapendeza mkononi siku ya kwanza, lakini kwenye hewa ya kisiwani linabaki na unyevu, na siku ya pili linanuka uvundo. Hakuna mgeni anayesahau harufu hiyo.

Je, wajua kwamba taulo lililolowa maji ya bahari halikauki sawasawa hata likianikwa kutwa? Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana taulo lililoshinda ufukweni, likapigwa na jua mpaka likawa kama ubao, jioni linakuwa na unyevunyevu tena. Dawa yake ni kulikung'uta mchanga, kulisuuza kwa maji baridi, ndipo likaanikwa. Kuanzia Oktoba hadi Machi, wageni wanapokwenda kuogelea na papa potwe upande wa Kilindoni, mataulo ya aina hii ndiyo yanayojaza kamba. Yasipokuwapo ya baharini, mgeni atabeba lile la bafuni, na hapo hana kosa.

Je, wajua kwamba kisiwa chenyewe kimo ndani ya taulo? Mafia imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima yanayopita kwenye mawe hayo huchukua chokaa kidogo kidogo, yakawa maji magumu. Ukifulia kwa sabuni ya mche, sabuni hushikana na ile chokaa ikafanya utando mweupe mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Taulo linakuwa gumu, kisha linaacha kunyonya maji. Sabuni ya unga haifanyi utando wa namna hiyo kwa urahisi. Siki kidogo kwenye maji ya kusuuza huuyeyusha utando uliokwisha kujengeka. Na ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia, usiitie kabisa kwenye mataulo, maana huacha mafuta juu ya nyuzi. Taulo linateleza juu ya ngozi badala ya kukausha.

Je, wajua kwa nini mataulo ya hoteli ni meupe? Yote hufuliwa pamoja bila kuchujiana rangi, yanavumilia jiki, na moja likichakaa hununuliwa jingine lisilotofautiana na wenzake. Liko na la nne ambalo wengi hawalijui: krimu nyingi za chunusi zina benzoili peroksaidi, kemikali inayochujua rangi. Mgeni akijifuta uso kwa taulo la bluu, kesho utaona mabaka ya rangi ya chungwa, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Lakini weupe nao una adui wake. Baadhi ya krimu za kukinga jua zina avobenzoni. Ikikutana na maji yenye madini ya chuma, na visima vingi huwa nayo, huacha doa linalofanana na kutu. Watu hukimbilia jiki. Jiki hulizidisha doa hilo! Jaribu ndimu na chumvi kwanza, kisha suuza. Kwa hina, wanja na poda za usoni, weka kitaulo kimoja cheusi karibu na kioo. Bibi harusi aliyekuja na hina mbichi atakutazama kwa shukrani, na wewe mataulo yako yatabaki salama.

Bluu ya kufulia, ile ya bibi zetu, haiondoi uchafu wala doa. Inaongeza ubluu kidogo unaoficha umanjano, jicho likaona weupe. Itumie, ila baada ya kufua vizuri.

Je, wajua kwamba hoteli hazinunui taulo moja kwa kila linalotumika? Kanuni yao ni seti tatu: moja iko kwa mgeni, moja iko kwenye kamba au kwenye beseni, moja imekunjwa kabatini. Nyumba ya vyumba viwili inayopokea watu wanne inahitaji basi mataulo 12 ya kuogea na vitaulo 12 vya uso. Ya baharini yanaweza kuwa 8, kwa sababu si kila siku ni siku ya pwani. Kirongwe pana sababu ya ziada ya kutopunguza hesabu hii. Mahitaji mengi ya Mafia huvuka maji, na anayenunua Kariakoo mzigo wake utapita Nyamisati hadi Kilindoni, kisha uchukue barabara ya kwenda Bweni ndipo ufike. Wageni wanaofika saa nane mchana hawawezi kusubiri boti.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo mtihani mkubwa. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, seti ya tatu inaisha. Wakati huo kamba ya chini ya paa, kwenye baraza inayopitiwa na upepo, ni bora kuliko taulo lolote jipya. Kusi likivuma, Juni na Julai, shida hiyo inakwisha.

Je, wajua kwamba wageni wako tayari kutumia taulo lile lile siku ya pili, wakiambiwa vizuri? Mwaka 2008 watafiti Goldstein, Cialdini na Griskevicius walichapisha majaribio yao kutoka hoteli moja ya Marekani. Kadi ya kawaida ya kuomba watu watunze mazingira iliwashawishi takriban asilimia 37. Kadi iliyosema kwamba wengi wa waliolala chumba hiki hiki walirudia mataulo yao iliwashawishi asilimia 49. Kwa hiyo weka misumari au vigingi vya kutosha bafuni, kimoja kwa kila mgeni, kisha mwambie kwa heshima kwamba wageni waliomtangulia walifanya hivyo. Uwe ni ukweli, lakini.

Je, wajua taulo lenye vitanzi vidogo vidogo vya nyuzi lilifikaje kiwandani? Mwingereza Henry Christy alilikuta Uturuki katika karne ya 19, na taulo la kufumwa kwa mashine likaonyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851. Kabla ya hapo Waturuki walilifuma kwa mkono. Na mahujaji wetu wanalijua kwa namna nyingine: ihramu nyingi za wanaume, yale mashuka mawili meupe yasiyoshonwa, siku hizi hutengenezwa kwa kitambaa cha taulo.

Je, wajua kwamba mwenyeji wa Kirongwe ana kitu ambacho hoteli ya mjini haina? Kanga. Uzito wake ni karibu nusu ya taulo au pungufu, hukauka haraka, humtosha mtu kujifunga kutoka bafuni hadi chumbani, na hukunjwa ikaingia kwenye kikapu cha baharini. Kikoi vivyo hivyo kwa wanaume. Doti moja kwa wageni wawili, pamoja na kikoi, inaweza kuchukua nafasi ya taulo la baharini wakati wa masika. Mgeni wa mbali huenda akaomba kuinunua aondoke nayo, basi weka akiba na umtajie bei mapema.

Taulo lililochakaa likatwe vipande: kipande kinene kiwe cha kufutia miguu mlangoni pa bafu, kilichobaki kiwe dekio. Kishonwe pindo jekundu, kisije kikachanganyika na vya uso kwenye beseni.