Vyeo Vikuu vya Kifalme Uingereza: Hati ya Maisha (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha Henry wa Tatu, aliyerithi kiti cha Uingereza mwaka 1216 akiwa na miaka 9. Wakubwa waliotawala kwa niaba yake walikubaliana kwamba, hadi mtoto akue, muhuri wake usitumike kumpa mtu chochote cha kudumu. Januari 1227 Henry akatangaza kwamba sasa angetoa hati mwenyewe.

Mwaka huohuo Ralph Neville, askofu wa Chichester, alipewa kwa maisha yake yote uchansela, yaani utunzaji wa muhuri mkuu. Mwaka 1228 ikawa zamu ya Hubert de Burgh, shujaa aliyeilinda ngome ya Dover dhidi ya Wafaransa: akapewa ujastisia wa maisha, cheo kilichomfanya wa pili kwa mfalme katika hukumu na utawala.

Ujastisia huo ulidumu miaka minne tu. Mwaka 1232 mahasimu wake, akiwemo Peter des Roches, askofu wa Winchester, walimgeuza mfalme dhidi yake. Hubert alivuliwa cheo, akakimbilia kanisani huko Essex, akaburutwa nje. Askofu wa London alipinga hadi akarudishwa kanisani. Hati haikumwokoa. Angeipeleka kwa hakimu gani, ilhali mahakama zote kuu zilikuwa za mfalme yuleyule aliyemtupa?

Neville alikuwa na hoja nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi katika mkasa huu wote. Matthew Paris, mtawa wa St Albans aliyeandika habari za zama hizo, anasimulia kwamba Henry alipoudai muhuri mwaka 1236, askofu alikataa: aliupokea kwa ridhaa ya baraza la ufalme, hivyo hangeuachia bila ridhaa hiyo. Miaka miwili baadaye mfalme aliuchukua hata hivyo. Lakini jina la chansela na mapato yake vilibaki kwa Neville hadi alipofariki mwaka 1244.

Mabaroni walipombana Henry huko Oxford mwaka 1258, hawakudai vyeo vya maisha hata kidogo. Walitaka jastisia, chansela na mtunza hazina washike kazi mwaka mmoja mmoja, kisha watoe hesabu. Chansela aliapa pia kwamba, ukiacha hati za kawaida, hatatia muhuri kwa amri ya mfalme peke yake bila wanabaraza. Wanabaraza hao walichaguliwa vipi, tutaona wiki ijayo.