Mtafiti na Watu Wake: Kujenga Mahusiano ya Kikazi

Kamati za sharika hutuuliza: kijana tuliyemchangia ada ya shahada ya pili amemaliza, tasnifu imetiwa jalada gumu, mbona kazi yake haisikiki? Mara nyingi kazi yenyewe ni nzuri. Wanaokosekana ni watu wa kuisoma, kuikosoa na kumkumbuka mwandishi wake nafasi inapotokea.

Mfano mzuri uko hapa hapa mjini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni ya Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Daisy Sykes Buruku, aliandika maisha ya babu yake Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Ndugu na kumbukumbu za nyumbani alikuwa nazo. Lakini insha hiyo ingeweza kubaki kabatini kama isingekuwa John Iliffe, aliyefundisha historia Chuoni. Iliffe aliiweka katika kitabu alichokihariri, Modern Tanzanians, kilichotoka mwaka 1973, na wanaoandika historia ya mji huu wanaitumia hadi leo.

Kwa hiyo mtafiti anahitaji watu wa mtaani na watu wa fani yake.

Mtaani, barua ya utafiti hupita mkoani, wilayani na kwenye kata hadi serikali ya mtaa. Vijana wengi huziona ofisi hizo kuwa ni mihuri tu. Kumbe mtendaji wa kata ndiye anayejua nani anaongoza wachuuzi, na walikwenda wapi wamachinga walioondolewa barabarani Oktoba 2021. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamechoka kuhojiwa na watu wasiowaona tena (na wana haki). Anayerudi na matokeo, hata kurasa mbili za Kiswahili, hukaribishwa tena.

Kwa wanafani, warsha ni muhimu, kwa mfano zile za REPOA, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1994. Huko swali moja lililofikiriwa vizuri linazidi kadi ishirini za kugawa. Baada ya siku chache andika barua pepe fupi: taja mlichozungumza, ambatisha kitu kitakachomfaa mwenzako, usiombe kazi. Wala usikimbilie maprofesa tu. Uliosoma nao darasa moja ndio watakaokaa kwenye kamati za kesho. Jiandikishe pia ORCID, namba ya bure iliyoanza mwaka 2012, ili kazi zako zisichanganywe na za mtu mwenye jina kama lako.

Kwa kamati na wafadhili: mnapopanga ada, ongezeni nauli na kiingilio cha warsha moja. Kisha mwalikeni kijana aeleze matokeo yake usharikani, kwa Kiswahili, na wale aliowahoji wawepo.