Chati zako za ChatGPT zipe majina ya bidhaa

Wafanyabiashara wenzangu, ChatGPT ndiyo inayojipangia majina ya mazungumzo. Yakifika 60, ile hesabu ya mchele utaipataje, mteja kasimama dirishani? Mimi nabonyeza chati nashikilia, nabadilisha jina: "MCHELE gunia + usafiri". Bei ya jumla ikipanda, narudi palepale, naweka bei mpya, inanipa bei ya kilo. (Irudie kwa kikokotoo, inaweza kukosea.) Sehemu ya kutafuta ipo, ila kumbuka neno uliloandika, leo "mchele", kesho "wali", utahangaika. Chati iliyoisha kazi ipeleke akaivu, maana ukiifuta hairudi. Madeni ya wateja? Hayo daftarini, jamani. Simu ikiibiwa na nywila huikumbuki, utamdai nani?