Upinzani wa Waberber (Sehemu ya Tatu): Kilichoishinda Hispania huko Annual

Juma lililopita tuliishia Kabylia, nchini Algeria, mwaka 1871, pale serikali ya Ufaransa ilipozima uasi wa Mokrani kisha ikawatoza wenyeji faini nzito na kuwanyang'anya ardhi. Leo twende magharibi, kwenye milima ya Rif, kaskazini mwa Morocco. Waandishi wa kikoloni walipenda kueleza kwamba Mberber wa milimani hapigani kwa ajili ya nchi wala fikra yoyote. Kupigana ndiyo mazoea yake, na asipompata mgeni atapigana na jirani. Cha ajabu, wanaomsifu Mberber nao husema jambo lilelile kwa maneno matamu zaidi: kwamba uhuru umo katika damu yake. Kwangu mimi, tusi hilo na sifa hiyo vimekosea mahali pamoja. Warifi waliishinda Hispania pale tu walipoacha mazoea yao ya vita.

Hispania ilipewa ukanda huo wa kaskazini kwa makubaliano yake na Ufaransa ya Novemba 1912. Mwaka 1921 Jenerali Manuel Fernández Silvestre alisonga mbele kutoka Melilla, akitapanya askari wake katika vituo vidogo vingi juu ya vilima, vingi vyao havina hata kisima. Kituo cha Igueriben kilizingirwa mpaka askari wakanywa mkojo wao. Kilipoanguka Julai 21, kambi kuu ya Annual ilivunjika kesho yake, na mafungo yakageuka mbio. Silvestre alifia huko. Kufikia Agosti 9, kambi ya Monte Arruit iliposalimu amri, Hispania ilikuwa imepoteza watu wanaokadiriwa kati ya 8,000 na 13,000.

Kuna watakaosema kwamba hapo palishinda milima na uzembe wa jenerali. Uzembe ulikuwepo, sikatai. Lakini milima ilikuwepo pia mwaka 1909, Warifi walipowaua Wahispania wengi karibu na Melilla, na Hispania ikabaki na kuzidi kupanuka. Kusini zaidi, Novemba 13, 1914, Wazayan wa chifu Moha ou Hammou waliwaua askari wa jeshi la Ufaransa zaidi ya 600 kwa siku moja huko El Herri, lakini Wafaransa hawakung'oka. Ushindi wa siku moja Waberber walikuwa nao tele. Kilichokuwa adimu ni siku ya pili.

Siku hiyo ya pili ndiyo aliyoitengeneza Muhammad bin Abdulkarim al-Khattabi, anayejulikana zaidi kama Abd el-Krim. Hakuwa mtu wa pangoni: alikuwa kadhi mjini Melilla, na aliwahi kuhariri kurasa za Kiarabu za gazeti la Kihispania, El Telegrama del Rif. Aliijua serikali kwa ndani, na aliujua ugonjwa wa kwao, yaani kisasi. Katika Rif mtu akiua, wazee wa baraza walimtoza faini waliyogawana wenyewe, na ndugu wa marehemu walibaki na deni lao la damu. Nyumba zilijengwa mbalimbali, na vibanda vya kuviziana kwa bunduki vilitazamana. Abd el-Krim alipiga marufuku kisasi, akaamuru vibanda hivyo vibomolewe, akaweka makadhi wa kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu mahali pa mila, na faini zikaingia hazina ya dola badala ya mifuko ya wazee. Mtu aliyekuwa akilinda mlango wake dhidi ya binamu sasa aliweza kwenda kukaa mstari wa mbele kwa majuma. Nyaya za simu zilizotekwa kwa Wahispania ziliunganisha makao makuu ya Ajdir na vikosi, na fedha za kuwakomboa mateka, zaidi ya peseta milioni 4, zikaitunisha hazina mwaka 1923.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hiyo haikuwa dola bali ukoo uliojivika joho la dola, kwa kuwa kaka, ami na shemeji ndio walioshika nyadhifa. Ni kweli, na makabila mengine yalinung'unika. Ila dola hupimwa kwa kinachotii amri zake, na Warifi waliokuwa wakiuana jana walitii katazo la kuuana. Iliangushwa na majeshi ya Hispania na Ufaransa pamoja, baada ya Wahispania kumwaga gesi ya haradali kutoka angani juu ya vijiji na masoko, na baada ya kutua Al Hoceima Septemba 8, 1925.

Abd el-Krim alijisalimisha kwa Wafaransa Mei 1926, wakampeleka kisiwa cha Réunion, katika bahari hii yetu ya Hindi, alikokaa miaka ipatayo ishirini. Maelezo yake yaliyochapwa na jarida la Al-Manar la Kairo hayakulalamikia mizinga sana. Yaliwalaumu masheikh wa tarika waliokataa kuungana naye. Na Mei 16, 1930, katika sehemu yao ya Morocco, Wafaransa walitoa amri ya kuwathibitishia Waberber mahakama za mila, mbali na sheria ya Kiislamu. Yaani walichokihifadhi kwa karatasi yenye muhuri ni kile Abd el-Krim alichokuwa amekivunja ili apate kupigana nao.